Wasioonekana: Historia Fupi ya Kujitolea, Toka Matuta ya Uluguru Hadi Ramani za Vijana



Kila tunapokutana hutajwa majina. Hutajwa nahodha wa timu iliyoleta kombe, kaka mkuu, na yule aliyepata daraja la kwanza mwaka ambao wengi walianguka. Ni haki yao. Lakini kila mmoja wetu anafahamu kwamba goli lililofungwa lilichorewa mistari ya chokaa na mtu fulani asubuhi na mapema, na mtu huyo hayumo katika picha. Makala haya ni historia ya watu wa namna hiyo. Nitaeleza juu ya mchezo mmoja wa ughaibuni ambao vijana wetu wachache wanaujua, kisha nitaulinganisha na mambo yaliyotokea katika milima hii iliyo juu ya vichwa vyetu. Swali langu ni moja: ni kitu gani humfanya mtu afanye kazi isiyolipwa wala kusifiwa, na ni kitu gani humfanya aikatae?

Mchezo wa masanduku

Kwa miaka mingi setilaiti za GPS za Wamarekani zilikuwa zikitoa vipimo vya namna mbili. Jeshi lao lilipata vipimo sahihi, na raia walipewa vipimo vilivyoharibiwa kwa makusudi, hata mtu akaweza kuambiwa yupo mahali fulani kumbe yuko karibu meta 100 kando. Tarehe 1 Mei 2000 Rais Bill Clinton alitangaza kwamba uharibifu huo utakoma usiku uleule. Kulipokucha, chombo kidogo cha mkononi kiliweza kumwonyesha mwenyewe mahali alipo kwa kukosea meta chache tu.

Siku mbili baadaye, tarehe 3 Mei, mtu aitwaye Dave Ulmer alikwenda porini karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akaficha ndoo nyeusi. Ndani yake aliweka daftari, penseli na vitu vidogo vidogo, pamoja na kopo la maharage. Kisha akawatangazia wenzake namba za latitudo na longitudo za mahali pale. Sharti lilikuwa jepesi: ukiipata ndoo, chukua kitu, acha kitu, andika jina lako. Haikupita wiki moja watu wakawa wameipata. Wa kwanza kuandika jina katika daftari alikuwa Mike Teague, naye ndiye aliyeanza kukusanya orodha ya mahali pengine palipofichwa vitu. Mwezi huohuo Matt Stum akaubuni mchezo jina, geocaching. Mnamo Septemba 2, 2000, Jeremy Irish akafungua ofisi ya mtandao ya kuutunza, wakati masanduku yaliyojulikana duniani yalikuwa 75 tu. Leo yapo zaidi ya milioni tatu, katika nchi nyingi za dunia.

Kwa aliyecheza kombolela utotoni mchezo huu si mgeni. Tofauti ni kwamba anayejificha si mtu bali sanduku, na anayetafuta huenda akatoka nchi nyingine baada ya miaka kumi.

Sasa tuitazame kazi isiyoonekana. Mtu akishaficha sanduku hawezi kulitangaza mwenyewe papo hapo. Taarifa zake hupelekwa kwa mkaguzi, na mkaguzi huyo ni mtu aliyejitolea. Mchana ana ajira yake, na jioni hukaa na ramani akijiuliza maswali. Je, sanduku hili liko umbali wa kutosha na la jirani yake? Kanuni inataka zisipungue takriban meta 161. Je, mwenye ardhi ametoa ruhusa? Je, limefukiwa ardhini, jambo lililokatazwa? Je, liko karibu na reli, shule au ukuta wa jela, mahali ambapo mtu anayenyemelea akiwa na kifurushi atadhaniwa mhalifu? Mkaguzi akiridhika, sanduku hutangazwa na sifa humwendea aliyelificha. Asiporidhika hulirudisha, na lawama humwendea yeye.

Wapo pia wanaotafsiri maelezo kwa lugha zao na wanaosuluhisha magomvi. Wengine huitisha watu wakaokote takataka katika njia za porini, shughuli ambayo imekuwa desturi ya mchezo huo tangu 2002. Bila watu hawa mchezo ungekufa mapema, kwa sababu mwenye msitu mmoja tu akikuta shimo limechimbwa katika ardhi yake bila idhini angetosha kuufanya upigwe marufuku wilaya nzima.

Matuta ya kulazimishwa

Tuje nyumbani. Anayesimama Morogoro mjini na kuinua macho huona Lupanga, mlima wenye zaidi ya meta 2,100, na nyuma yake kusini safu inazidi kupanda hadi Kimhandu, zaidi ya meta 2,600. Maji ya milima hii huingia mto Ruvu, na mto Ruvu huinywesha Dar es Salaam. Kwa hiyo hali ya miteremko ya Uluguru haijapata kuwa jambo la Waluguru peke yao.

Serikali ya kikoloni ililiona hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilianzisha Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru. Shabaha yake, kwa maneno, ilikuwa njema: kuzuia mmomonyoko wa udongo. Njia yake ilikuwa amri. Walipa kodi walitakiwa kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko kwa kipimo kilichowekwa, kuchoma mashamba kulipigwa marufuku, na asiyetii alitozwa faini. Wasimamizi walipita kukagua.

Watu walichimba kwa chuki. Walikuwa na sababu, wala hazikuwa za uvivu. Kwanza, katika sehemu nyingi udongo wa rutuba ni mwembamba, na ukichimba tuta pana unauzika chini na kuutoa juu udongo usiozaa. Mkulima aliona kwa macho yake mahindi yanadumaa juu ya tuta, huku shamba la jirani lisilochimbwa likistawi. Pili, ardhi ya Uluguru ilikuwa ya koo, nayo hurithiwa upande wa mama. Mtu aliyeazimwa shamba na ukoo mwingine alijiuliza tuta hili litakuwa la nani, na mwenye ukoo akajiuliza kama kazi ya serikali juu ya ardhi yake si mwanzo wa kunyang'anywa. Tatu, hakuna aliyewauliza.

Mwezi Julai 1955 uvumilivu ukaisha. Umati ulikusanyika Matombo kupinga mpango huo, ghasia zikazuka, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akauawa. Mpango ukaachwa. TANU, iliyokuwa imezaliwa mwaka mmoja tu kabla, ilipata wafuasi wengi milimani kutokana na hasira ile. Wataalamu Roland Young na Henry Fosbrooke waliandika juu ya mambo hayo katika kitabu chao cha 1960 kuhusu ardhi na siasa za Waluguru, na kila mwanafunzi wa historia anayeishi chini ya milima hii ingefaa ayajue.

Lakini sikilizeni jambo la pili, ambalo watu hulisahau. Huko Mgeta, upande wa magharibi wa milima, wakulima walikuwa na ngazi zao wenyewe, nyembamba, za kufukia nyasi na magugu ili yaoze na kulisha udongo. Hawakuamriwa na mtu. Waliziendeleza kwa sababu ziliwafaa, na hadi leo mboga nyingi za sokoni Morogoro na Dar es Salaam hutoka katika mashamba yaliyokatwa ngazi. Mkono ule ule uliokataa jembe la amri ulilishika jembe la hiari.

Neno lililochakaa

Baada ya Uhuru neno "kujitolea" lilipata heshima kubwa. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa 1963. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, madarasa, zahanati na barabara nyingi zilijengwa kwa mikono ya wananchi. Mfano mzuri kuliko yote nadhani ni ule wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mtihani wa kitaifa wa 1975 ulionyesha kuwa wasiojua wamepungua hadi asilimia 39. Kazi ile haikufanywa na walimu wenye vyeti peke yao. Ilifanywa pia na wakulima waliokwisha kujua kusoma na wanafunzi waliomaliza shule ya msingi, kwa posho ndogo au bila chochote, jioni, kwa mwanga wa taa ya chemli. Majina yao hayamo katika vitabu.

Hata hivyo neno lile lilichakaa. Miaka ya Operesheni Vijiji ilipofika, hasa kati ya 1973 na 1976, mara nyingi mtu aliambiwa "jitolee" na mgambo aliyesimama mlangoni. Vijana wa siku hizi nao huambiwa wajitolee miezi na miezi ofisini, kwa ahadi ya ajira isiyofika. Si ajabu basi kwamba mtu akisikia neno hilo leo hutafuta mlango wa nyuma. Ndiyo maana naona ni muhimu kuonyesha kwamba kujitolea kwa kweli kungalipo, na kwamba baadhi yake kulifanyika hapa hapa Morogoro.

Wachoraji wa ramani

Tarehe 23 Februari 1970 mvua kubwa ilinyesha Mgeta. Kwa muda wa saa chache ziliteremka takriban milimeta 100, na miteremko ikakatika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uppsala, Sweden, walihesabu mamia ya maporomoko. Karibu yote yalianzia mashambani na penye nyasi, na machache mno yalianzia msituni. Jambo lile halingejulikana bila ramani na picha za angani, na bila watu waliotembea mteremko baada ya mteremko kuhakikisha.

Wale waliofanya mtihani wa jiografia wanazikumbuka ramani za kipimo cha 1:50,000, zenye mistari ya kontua na alama za vilele. Ni ramani nzuri, lakini kijiji hakikai kama kilivyochorwa. Nyumba huongezeka, njia huhama, daraja husombwa. Siku ya mafuriko, mwenye gari la wagonjwa hahitaji ramani ya zamani za babu yake.

Mwaka 2004 Steve Coast, Mwingereza, alianzisha OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichora, kuisahihisha na kuitumia bila malipo. Tetemeko lilipoipiga Haiti tarehe 12 Januari 2010, watu mamia waliokaa nchi za mbali walizichora barabara za Port-au-Prince kwa kutazama picha za setilaiti, na waokoaji wakazitumia. Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuanza: vijana wa Kibera, Nairobi, waliichora mitaa yao kuanzia 2009. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi wa Tandale walifanya hivyo Dar es Salaam. Desemba ya mwaka huohuo mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na umuhimu wa kujua mitaro ilipo ukadhihirika. Mwaka 2015 ikaanza Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa vyuo, wengine wakiwa katika mafunzo kwa vitendo, walipita mitaani na wenyeji wakipima mifereji na kuuliza maji yalifika wapi ukutani.

Mwaka huohuo wa 2015 Janet Chapman wa Tanzania Development Trust alianzisha Crowd2Map. Haja yake ilikuwa dhahiri. Huko Mugumu, Serengeti, Rhobi Samwelly na wenzake walikuwa wakiwahifadhi wasichana wanaokimbia ukeketaji. Msichana akiomba msaada usiku, gari linapaswa kujua kijiji chake kiko wapi, na vijiji vingi havikuwemo katika ramani yoyote waliyokuwa nayo. Maelfu ya watu duniani walikaa mezani kwao wakachora nyumba na njia za Tanzania ambazo hawatazikanyaga maishani.

Na kwetu? Pale Mazimbu, mahali ambapo chama cha ANC kilijenga shule yake ya wakimbizi na kuipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979, pamekuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo tangu 1992. Wanafunzi wa ndaki iliyobeba jina hilo waliunda tawi la YouthMappers, umoja wa wachoraji wa vyuoni ulioanzishwa 2014. Shirika la USAID lililousaidia umoja huo lilisitisha kazi zake mwaka 2025. Fedha za wafadhili huja na kuondoka, lakini mstari uliokwisha kuchorwa katika ramani haufutiki pamoja nazo.

Kazi yenyewe hufanywaje? Eneo hugawanywa vipande vya mraba. Mtu mmoja huchukua kipande, akafuatisha kila paa na kila njia inayoonekana katika picha ya setilaiti. Kisha mtu wa pili, mwenye uzoefu zaidi, hukagua: je, hili ni paa au ni mwamba? Je, hii ni njia au ni mkondo wa maji uliokauka? Huyu ni ndugu wa yule mkaguzi wa masanduku. Baada yake huja mtu wa tatu, wa muhimu kuliko wote, naye ni mwenyeji. Setilaiti huona paa lakini hailijui jina. Haijui kwamba jengo lile ni zahanati, kwamba kisima kile hukauka Oktoba, wala kwamba njia ya Tegetero haipitiki masika. Hayo yote huandikwa na aliyefika kwa miguu.

Tunajifunza nini

Tukiyaweka pamoja mambo haya, naona masharti matatu ya kujitolea.

La kwanza ni uhuru wa kukataa. Matuta ya 1955 na ngazi za Mgeta zote zilikuwa kazi ya udongo juu ya mteremko uleule. Tofauti ilikuwa kwamba moja mtu aliweza kuiacha, nyingine hakuweza.

La pili ni kuaminiwa. Mkaguzi wa masanduku na mkaguzi wa ramani hawafanyi kazi ya kibarua tu. Wamepewa jukumu la kuamua, na uamuzi wao huheshimiwa. Wakulima wa Uluguru walikuwa na ujuzi wa udongo wao kuliko bwana shamba yeyote, lakini hakuna aliyewapa nafasi ya kuamua.

La tatu ni swali la tunda ni la nani. Hapa lazima niseme wazi kwamba mchezo wa masanduku na ramani ya wazi havifanani. Ofisi inayotunza mchezo ni kampuni ya biashara, yenye wafanyakazi wa kulipwa na wanachama wanaolipa ada, wakati wakaguzi wake hawalipwi. Wenyewe hawalalamiki, kwa kuwa wanaupenda mchezo. Lakini kijana mwenye akili atauliza. Ramani ya wazi ni mali ya kila mtu, na mama wa Kinole ana haki nayo sawa na profesa wa London. Waluguru waliokataa matuta waliuliza swali lilelile: nikichimba, litakuwa la nani? Halikuwa swali la kijinga mwaka 1955, wala si la kijinga leo.

Neno kwa wanafunzi na wazee

Ninyi wanafunzi mnasoma chini ya milima ambayo msitu wake ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008. Msiende kuficha masanduku humo. Kuingia hifadhini kunahitaji kibali, na udongo wake na wanyama wake si wa kuchezewa. Lakini kandokando ya hifadhi kuna vijiji, vijito, vivuko na njia za miguu ambazo wazee wenu wanazijua kwa majina na ramani haizijui. Klabu ya jiografia ikiwa na simu mbili na daftari moja inaweza kuvijaza kijiji kimoja kwa muhula. Mwombeni mwenyekiti wa kijiji idhini, muwaulize wazee majina, na mmoja wenu awe mkaguzi asiyeogopa kuwarudisha wenzake shambani.

Nanyi wazee wenzangu, mnaokuja na hotuba na bahasha, njooni pia na kumbukumbu. Njia tuliyopita kwenda kuteka maji, daraja lililosombwa, jina la kilima kilichokuwa mpaka wa kuzurura kwetu: mambo hayo yatakufa pamoja nasi tusipoyasema. Kaeni na vijana saa moja mwaandikishe. Hamtatajwa katika hotuba ya mgeni rasmi. Lakini masika moja, mtu atakayetumwa usiku kwenda kumchukua mgonjwa Nyandira huenda akafika kwa sababu mtu asiyemjua aliandika mahali daraja lilipo.